Njia za baiskeli msituni zimnufaishe jirani wa msitu

KWETU baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba madumu ya maziwa alfajiri, mikungu ya ndizi mchana na magunia ya mkaa usiku, na mgonjwa akitokea huwekwa kwenye karia akasukumwa hadi zahanati. Ukimwambia mkulima wa Lushoto au wa Mufindi kwamba wapo watu wanaonunua baiskeli kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, wakaifunga juu ya gari, wakasafiri saa tatu hadi msituni, wakapanda na kushuka vilima mpaka wakarudi pale pale walipoanzia, tena bila mzigo wowote, atakucheka. Ana haki ya kucheka. Ila akishamaliza tungependa aulize swali la kibiashara: watu hao wakirudi pale walipoanzia, wakiwa na njaa na matope mpaka masikioni, ni nani anayewauzia chai?

Swali hilo si la mzaha. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ambao wanakijiji wengi wameujua zaidi kwa magogo na vizuizi vya ukaguzi wa mkaa, sasa unatangaza utalii katika hifadhi za misitu ya mazingira asilia. Katika milima ya Usambara mgeni aliye juu ya baiskeli si kioja tena. Kwa hiyo siku yoyote ramani ya njia za baiskeli inaweza kutandikwa mezani katika ofisi fulani, na kwa uzoefu wetu atakayekosekana mezani siku hiyo ni mkulima ambaye shamba lake linapakana na msitu. Tunaandika kabla ya siku hiyo kufika.

Mfano tutakaoutumia ni wa mbali, kusini mwa Scotland, lakini ulianzia mahali ambapo mfugaji yeyote wa hapa atapatambua. Ulianzia kwenye karantini.

Mnada uliosambaza ugonjwa

Februari 20, 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa nchini Uingereza, kwa nguruwe waliokuwa wamefikishwa machinjioni Essex. Uchunguzi ulirudi nyuma hadi kwenye banda la nguruwe waliokuwa wakilishwa makombo huko Northumberland, kaskazini mwa England. Lakini kabla daktari wa mifugo hajatia saini karatasi yake, kondoo walikuwa wamekwisha kupita minadani. Mnada wa Longtown, karibu na mpaka wa England na Scotland, ulikuwa mmoja wa iliyousambaza. Wachuuzi walinunua, wakapakia, wakaenda zao. Machi 1 ugonjwa ukathibitishwa ng'ambo ya mpaka.

Hadi mwisho wa Mei, Scotland ilikuwa imehesabu mashamba 187 yaliyoambukizwa, na 176 kati ya hayo yalikuwa katika eneo moja tu, Dumfries na Galloway. Hiyo ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, ya kondoo wa milimani, na ya ng'ombe wale weusi wenye mkanda mweupe tumboni ambao jina lao limetokana na eneo lenyewe. Si walioambukizwa tu waliouawa. Kondoo wazima waliokuwa ndani ya kilomita 3 kutoka shamba lenye ugonjwa nao walichinjwa ili kuuzuia usisonge mbele. Ugonjwa ulipokoma mwishoni mwa Septemba mwaka huo, mashamba yaliyoambukizwa Uingereza nzima yalikuwa yamezidi 2,000, na wanyama waliouawa walizidi milioni 6.

Hapa kuna jambo ambalo mfanyabiashara mdogo anapaswa kulisoma mara mbili. Mfugaji ambaye mifugo yake iliuawa alilipwa fidia na serikali. Mwenye nyumba ya wageni, mwenye mgahawa, fundi na muuza mafuta hawakupata fidia ya namna hiyo, ingawa njia za miguu na misitu ya umma ilifungwa na wageni wakaacha kuja. Wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza walikadiria kwamba ugonjwa ule uligharimu fedha za umma zaidi ya pauni bilioni 3 na sekta binafsi zaidi ya pauni bilioni 5, na pigo kubwa zaidi katika sekta binafsi liliangukia utalii wala si ufugaji. Watu wa vijijini waligundua, kwa njia chungu, kwamba uchumi wao ulikuwa umeegemea mguu ambao hawakuwa wakiuhesabu.

Katikati ya eneo hilo upo msitu mkubwa. Hifadhi ya Msitu ya Galloway, iliyotengwa mwaka 1947, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 770. Asilimia kubwa ya miti yake ilipandwa, hasa aina ya Sitka kutoka Amerika Kaskazini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilijikuta haina mbao na mwaka 1919 ikaunda tume ya misitu. Vilima vingi vilivyopandwa miti hiyo vilikuwa malisho ya kondoo. Wapo wazee kule ambao hadi leo hawaupendi msitu huo, na mtu wa Mufindi aliyeona nyasi za malisho zikigeuka shamba la misindano atawaelewa bila mkalimani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mamlaka ya misitu ya Scotland pamoja na halmashauri za maeneo hayo na washirika wengine, zikiwamo fedha za Umoja wa Ulaya, zilijenga njia za baiskeli za milimani katika misitu hiyo ya serikali. Mradi ukaitwa 7stanes. Neno stane kwa Kiskoti ni jiwe, na kila kituo kina jiwe lake lililochongwa. Vituo hivyo vimetapakaa kutoka Glentress na Innerleithen upande wa mashariki, vinavyohesabiwa kama kimoja, kupitia Newcastleton, Ae, Mabie na Dalbeattie, hadi Kirroughtree na Glentrool ndani ya Hifadhi ya Galloway. Janga la mwaka 2001 liliupa mradi huo msukumo, maana kila mtu alikuwa anatafuta kitu cha kuwarudisha wageni mashambani. (Ae, kwa anayependa mambo madogo, ni kijiji chenye jina la herufi mbili tu. Kilijengwa mwaka 1947 kwa ajili ya makazi ya vibarua wa misitu.)

Rangi nne

Kilichoufanya mradi huo ufae ni jambo ambalo mtu mwenye haraka hulipuuza. Hawakujenga njia za mashujaa peke yake.

Njia za Uingereza hupangwa kwa madaraja ya rangi. Kijani ni ya anayeanza: pana, mteremko wa taratibu, haina mawe ya kushtukiza, mtoto anaipita na bibi yake anaipita. Buluu inadai uzoefu kidogo. Nyekundu ina miinuko mikali, mizizi, mawe na kona za kuviringika, na anayeiingia awe anajua kutumia breki zake. Nyeusi ni ya wataalamu, na hata wao huanguka. Pale Kirroughtree njia nyeusi inapita juu ya miamba mitupu ya matale, na Dalbeattie, mji uliowahi kuishi kwa kuchimba mawe hayo hayo, una mwamba mmoja mkubwa ulioinama ambao vijana huteremka huku wenzao wakiwapiga picha.

Picha za mwamba ndizo zinazouza matangazo. Kwenye daftari la mauzo, hata hivyo, mambo ni tofauti. Kijana anayeteremka mwamba huja na baiskeli yake, spana zake na chakula chake kidogo mfukoni mwa jezi, na akimaliza anaondoka. Anayeingia njia ya kijani ni familia: baba, mama, watoto wawili, na pengine shangazi ambaye haendeshi chochote lakini anakaa mgahawani saa mbili akiwasubiri. Baiskeli wamekodi. Mtoto ameanguka, anataka soda. Baba mnyororo umemchomoka, anatafuta fundi. Hivyo mtu anayepanga njia kwa kufuata picha nzuri ananyima kijiji wateja wake wengi.

Madaraja yana faida ya pili. Mtoto aliyeanza na kijani mwaka huu atarudi kujaribu buluu mwakani, na nyekundu baadaye. Agosti 2023 mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani, upande wa mbio za nyika, yalifanyika Glentress, katika msitu ule ule ambao wanaoanza hujifunzia. Mfanyabiashara hawezi kupata mteja bora kuliko yule ambaye ana sababu ya kurudi mahali pale pale kwa miaka kumi.

Kuna pia wale ambao kwa kawaida tunawasahau kabisa. Katika Hifadhi ya Msitu ya Coed y Brenin, huko Wales, ipo njia ya buluu iitwayo MinorTaur ambayo ilitengenezwa kwa upana na mpangilio unaoziruhusu baiskeli maalumu za watu wenye ulemavu. Hapakuhitajika muujiza. Walioichora walijiuliza mapema nani atapita, wakaacha nafasi ya magurudumu yao.

Makinga maji

Mkulima wa milimani atashangaa akijua ni kiasi gani tayari anafahamu kazi hii. Adui wa njia ya baiskeli msituni ni yule yule adui wa shamba la mteremko, yaani maji yanayokimbia. Njia ikichorwa kushuka mlima moja kwa moja, mvua ya kwanza huigeuza mfereji, na mvua ya tatu huifanya korongo. Kwa hiyo wajenzi huifuatisha kontua, wakaupa mteremko wa njia kipimo kidogo, mara nyingi kama mita 1 ya kushuka kwa kila mita 10 za kwenda mbele. Kila baada ya hatua kadhaa njia inayoshuka huinuliwa kidogo ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu, na uso wake huinamishwa upande wa bondeni. Juu hushindiliwa kifusi cha mawe.

Aliyechimba fanya juu au fanya chini kwenye shamba lake hahitaji mtaalamu kutoka Ulaya kumfundisha hayo. Anahitaji aonyeshwe mara moja baiskeli inavyokata kona, baada ya hapo sepeto na jembe ni vyake. Hii ndiyo maana tunasema kazi ya kuchimba na kutunza njia ziende kwa vikundi vya wakulima wanaopakana na msitu, kwa mkataba na kwa malipo. Zisipewe kampuni ya mjini itakayokuja na kijiko, ikatifua, ikaondoka kabla ya masika. Njia ya baiskeli inahitaji kukarabatiwa kila mwaka, na ukarabati ni ajira ambayo haiishi.

Kule Scotland njia hizo za mawe zilileta jambo jingine ambalo mchumi hulipenda. Kwa kuwa hazigeuki tope, watu huziendesha hata kipindi cha baridi, wakati watalii wa kawaida wamekaa nyumbani. Mwenye shamba aliyegeuza banda la zamani kuwa vyumba vya kulala, akaweka bomba la kuoshea baiskeli, chumba cha kukaushia nguo na kufuli ya uhakika, anapata wageni miezi ambayo zamani alikuwa akihesabu hasara. Mtu aliyekopa benki anajua thamani ya mteja wa mwezi mbaya.

Lango liko wapi?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo limetufanya tuandike. Kwenye njia za 7stanes kupita ni bure. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwenye sehemu kubwa ya ardhi na misitu, mradi awe mstaarabu. Basi fedha inatoka wapi? Inatoka kwenye maegesho ya magari, kwenye kukodisha baiskeli, kwenye mgahawa, kwenye karakana na kwenye vitanda. Yaani inatoka pembeni mwa njia, pale watu wanaposimama.

Na watu husimama wapi? Njia hizi huchorwa kama mizunguko inayoanzia na kuishia mahali pamoja. Mzunguko mfupi wa kijani uko karibu, wa buluu unauzunguka, mwekundu na mweusi inakwenda mbali zaidi, yote ikitoka na kurudi kwenye lango moja. Mpangilio huo ni mzuri kwa usalama na kwa alama za barabarani. Kwa mfukoni maana yake ni kwamba kila shilingi itapita mahali pamoja. Lango likiwa kilomita 12 kutoka kijijini, kando ya lami ambako mwekezaji amekwisha kununua kiwanja, kijiji kitasikia kengele za baiskeli tu. Likiwa kwenye uwanja wa kijiji, karibu na kituo cha kukusanyia maziwa na magenge ya mboga, hata muuza karanga atapata.

Tupige hesabu kidogo. Hizi si takwimu za mahali popote, ni za kuonyesha njia tu. Tuseme kila Jumamosi na Jumapili wanakuja wageni 30 wa njia ya kijani, wengi wao familia na wanafunzi kutoka mjini, na kila mmoja anaacha sh 10,000 kwa kukodi baiskeli, chai, mtindi na ndizi. Kwa siku 8 za mwezi hizo ni sh 2,400,000, zinazogawanyika kwa mama lishe, fundi, mwenye baiskeli na muuza maziwa. Upande wa pili tuseme wanakuja wataalamu 5 kila siku hizo, wana baiskeli zao, kila mmoja ananunua maji na korosho za sh 3,000. Kwa mwezi ni sh 120,000. Tukitenga sehemu moja ya kumi ya ile hesabu ya kwanza kwa ukarabati, tunapata sh 240,000 za kuwalipa vijana wa sepeto, ambazo ni mara mbili ya mauzo yote ya hesabu ya pili. Msomaji abadilishe namba atakavyo, kwa bei za kwake. Uwiano ndio tunaotaka autazame.

Tena njia ya kijani haidai baiskeli ya mamilioni. Ile ya kawaida, yenye breki zinazoshika na matairi mazima, itaipita. Kijijini hapakosi fundi wa kuziba pancha. Kinachokosekana ni mtaji wa kununua baiskeli kumi za kukodisha pamoja na kofia ngumu za kukinga kichwa, na hapo ndipo VICOBA na SACCOS zina nafasi ya kukopesha kitu tofauti na bodaboda.

Tusidanganyane

Haya yote hayamaanishi kwamba msitu uache kuwa msitu. Galloway hadi leo huvuna mbao. Ugonjwa unaoua miti aina ya lachi umelazimisha ukataji wa maeneo makubwa kule, na kimbunga Arwen cha Novemba 2021 kiliangusha miti mingi sana kusini mwa Scotland, njia zikafungwa. Aliyeweka mayai yote kwenye baiskeli aliumia. Kwa mkulima wetu, kibanda cha langoni kinapaswa kuwa nyongeza juu ya ng'ombe, viazi na mboga, ili siku mnada ukifungwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao kwetu haujawahi kuondoka, nyumba isikae giza.

Onyo kali zaidi linatoka Wales. Coed y Brenin ndiyo iliyotangulia wote Uingereza katika kujenga kituo cha namna hii, tangu miaka ya 1990, na wengine walikwenda kujifunza pale. Machi 31, 2025, mamlaka ya maliasili ya Wales, ikibanwa na bajeti, ilifunga mgahawa na duka vya kituo hicho, pamoja na vya vituo vingine viwili. Njia zilibaki wazi. Wenyeji walikuwa wamejiunga kutaka kukiendesha wenyewe. Tazama jinsi ilivyo: baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuwavuta wageni, ufunguo wa jiko bado ulikuwa mfukoni mwa taasisi moja ya serikali, na taasisi hiyo ilipokosa fedha jiko likazimwa. Kama vibanda vingekuwa vya watu kumi tofauti, ingekuwa vigumu kuvizima vyote kwa barua moja.

Karibu na kwetu, jijini Nairobi, upo msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania usimegwe viwanja mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo watu huenda pale kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, kwa kiingilio. Agosti 2025, Shirika la Misitu la Kenya liliagiza kiingilio kilipwe kupitia mfumo wa malipo wa serikali. Jumuiya ya wananchi iliyokuwa ikishirikiana na shirika hilo kuutunza msitu ikapinga, na shauri likafika mahakamani. Hatuna nia ya kuamua kesi ya jirani. Tunachokiona ni kwamba ugomvi ulizuka juu ya sanduku la fedha miaka mingi baada ya msitu kufunguliwa, wakati kila upande umekwisha kuzoea kulishika kwa namna yake. Mambo ya sanduku huandikwa siku ya kwanza.

Hapa nyumbani Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imetoa nafasi ya usimamizi shirikishi kati ya serikali na vijiji, na vijiji vingi vimeingia humo kwa moyo. Wanakijiji wamefanya doria, wamezima moto, wamewakamata wapasuaji haramu. Kiungo kilicholegea siku zote kimekuwa mgawanyo wa mapato. Kazi inagawanywa vizuri, fedha haigawanyiki. Utalii wa baiskeli ukiingia juu ya utaratibu huo bila marekebisho utalegea palepale.

Kuna na jambo la akina mama. Njia nyingi zilizopo tayari ndani ya misitu yetu ni za kuni, za maji, za dawa na za kupeleka ng'ombe mtoni. Mchoraji akiona uchochoro uliokwisha kukanyagwa atashawishika kuupaka rangi na kuuita njia ya buluu. Baiskeli inayoshuka kasi ikikutana kwenye kona na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, hakuna daraja la rangi litakalowasaidia. Njia za baiskeli zichorwe upya, mbali na hizo, na panapolazimu kukatishana pawekwe alama na baiskeli ndiyo isimame. Na ieleweke tangu mwanzo nani atambeba aliyevunjika mkono, kwa machela gani, hadi zahanati ipi.

Tunawaomba TFS na halmashauri zenye misitu ya namna hii waanze na kitu kidogo: mzunguko mmoja wa kijani wa kilomita 4 au 5, katika hifadhi moja au mbili ambazo mji hauko mbali, uchimbwe na vikundi vya wenyeji katika kiangazi kimoja, utazamwe masika yote kama unashika maji au la. Buluu ifuate baadaye. Nyeusi inaweza kusubiri hata miaka mitano, wala hatutaulizia.

Na serikali za vijiji vinavyopakana na misitu zisingoje barua. Ajenda iingizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe na mtendaji, nakala ipelekwe kwa mhifadhi wa msitu na kwa ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya. Humo yaulizwe mambo manne kwa maandishi: lango litakuwa wapi, vibanda vya langoni vitakodishwa kwa nani na kwa miaka mingapi, kazi ya sepeto italipwa kutoka mfuko upi, na asilimia ngapi ya maegesho itaingia akaunti ya kijiji, na tarehe gani ya mwezi.